Chupa ya Maji Kwenye Fremu Isiyo na Matundu

Bisibisi imebakiza robo mzunguko. Kibano cha chuma kimezunguka bomba la fremu iliyojengwa miaka hamsini iliyopita, chini yake kuna kipande cha mpira, na juu yake kishikio cha chupa kimesimama sawasawa. Kikisukumwa kwa kidole bado kinacheza kidogo, huku na kule. Mkono unashawishika: kaza tu, kidogo. Unasikika mlio mwembamba, kama ukucha juu ya ganda la yai, na ufa wa unene wa unywele unatokea kwenye rangi.

Kishikio bado kinacheza.

Anayefanya kazi na baiskeli za zamani anakijua kisa hiki, na kwa majuma kadhaa kimekuwa kikinisumbua. Rangi kupasuka si ajabu. Ajabu ni kwamba kukaza hakukuleta nafuu yoyote, na bado kila ushauri unaotolewa kuhusu jambo hili huishia kwenye neno hilohilo: kaza.

Ukiuliza namna ya kubeba maji kwenye fremu isiyo na matundu ya skrubu, utapewa orodha ya vifaa. Vibano vya aina hii, mikanda ya aina ile, mifuko ya kuning'iniza. Kila kimojawapo hushika vizuri kikiwa kipya na baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani. Kinachotakiwa kuulizwa mapema zaidi ni hiki: kikiteleza, kitaangukia wapi, na kitaharibu nini?

## Fremu iliyojaa vibano

Kuna dhana kwamba kufunga kibano kwenye fremu ya zamani ni kuichafua. Historia inasema vingine.

Tazama fremu nzuri ya mbio ya miaka ya 1950 au 1960. Vipini vya gia vimeshikwa na kibano. Waya wa breki ya nyuma umebanwa kwenye bomba la juu kwa klipu tatu za kromu. Vielekezi vya nyaya za gia juu ya ekseli ya pedali, navyo ni kibano. Fundi hakuchomelea chochote ambacho kingeweza kufungwa, kwa sababu mabomba bora ya wakati ule ni mazito miisho tu. Katikati ni membamba. Reynolds 531, bomba la chuma la Kiingereza lililoingia sokoni mwaka 1935, katika vipimo vyake vyepesi ina ukuta wa milimita 0.8 kwenye miisho na 0.5 katikati. Katikati ndipo chupa inapokaa. Mafundi wengi hawakutaka kupeleka moto pale.

Matundu mawili ya skrubu za M5, yaani zenye kipenyo cha milimita 5, yaliyoachana kwa milimita 64, ambayo leo tunayaona kama sehemu ya kuzaliwa ya baiskeli, yalienea katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo wanamashindano walibeba chupa mbili za alumini zenye vizibo vya koki mbele ya usukani, au chupa moja kwenye kishikio cha waya kilichofungwa kwa vibano kwenye bomba la mshazari, lile linaloteremka kutoka kichwa cha fremu hadi kwenye pedali. Kampuni za REG ya Italia na TA ya Ufaransa zilitengeneza vishikio vya namna hiyo, na bado vinapatikana vilivyotumika.

Kwa hiyo kibano si dhambi. Kibano kibaya ndicho tatizo.

## 14 na 55

Kwa nini kishikio hucheza hata kikikazwa?

Chukua bomba la mshazari la kawaida, kipenyo milimita 28.6. Nusu yake ni 14.3, na huo ndio umbali kutoka katikati ya bomba hadi pale kibano kinaposhika. Sasa pima hadi katikati ya chupa: 14.3 za bomba, kama 5 za kibano na kishikio, na nusu ya kipenyo cha chupa, ambayo ni 37 hivi. Jumla inakaribia 55.

Uzito uko mbali karibu mara nne kuliko mshiko.

Chupa ya mililita 750 ikijaa ina karibu gramu 850. Barabara ikiwa mbovu, kila kishindo huzidisha mzigo huo mara kadhaa, na kwa kuwa baiskeli huyumba pande zote, nguvu hiyo inalizungusha lile kundi zima kandokando ya bomba. Kibano hakitelezi kwenda chini kwanza. Kinazunguka kwanza, halafu kikishalegea ndipo kinateremka.

Hesabu hii inabadilisha mambo matatu. Vibano viwili vilivyotengana kwa milimita 64 haviongezi urefu wa mkono unaopinga mzunguko. Vinaongeza msuguano tu, ambao kweli unahitajika, lakini usitarajie miujiza kwa kuvitenganisha zaidi. Pili, bomba jembamba ni baya zaidi: kwenye bomba la juu la milimita 25.4 uwiano unaharibika, mbali na kwamba chupa itagonga magoti. La tatu ndilo kubwa. Chuma juu ya rangi inayong'aa kina msuguano mdogo, na ukikaza mara mbili zaidi unapata msuguano mara mbili ya kitu kidogo. Mpira juu ya rangi unashika bila kukazwa sana.

Ndiyo maana ile robo mzunguko ya mwisho haisaidii. Kinachotakiwa kubadilishwa ni kile kilichoko kati ya chuma na rangi.

Na chupa ndogo! Chupa ya mililita 500 inapunguza robo kilo ya kitu kinachotikisika. Chupa ya chuma yenye kuta mbili, ile inayotunza baridi, huweza kuwa na gramu 350 kabla hata ya kutiwa tone la maji. Kwenye matundu ya kuchomelewa haina neno. Kwenye vibano, iache nyumbani.

## Kupima kabla ya kununua

Vibano vingi vya zamani ni vipande viwili vya chuma vinavyokutana kwa skrubu, na vilitengenezwa kwa kipenyo kimoja tu. Hapa ndipo watu hupoteza fedha. Fremu nyingi za Uingereza na Italia zina bomba la mshazari la milimita 28.6. Za Ufaransa zina 28.0. Tofauti ni milimita 0.6, macho hayaioni, lakini kibano cha 28.6 kwenye bomba la 28 midomo yake hukutana kabla hakijabana chochote. Unakaza, skrubu inagoma, unadhani kimeshika. Hakijashika.

Kama huna kalipa, yaani kipimio cha vipenyo, zungusha ukanda wa karatasi kwenye bomba, tia alama pale unapokutana, unyooshe uupime. Milimita 90 ni bomba la 28.6. Milimita 88 ni bomba la 28. Ukipata 82, ni bomba la juu la Kifaransa la milimita 26, na 80 ni la inchi moja.

Kibano kikipwaya kidogo, bati la kopo la soda linafaa kujazia. Ukuta wake una unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo pengo la 0.6 kwenye kipenyo linahitaji tabaka tatu kuzunguka bomba. Kata kwa mkasi, lainisha kingo kwa msasa, na usiliache ligusane na rangi moja kwa moja.

Klipu za hozi, zile zenye skrubu inayovuta ukanda wa meno, hazina shida ya vipenyo, na kuna zinazouzwa zikiwa na skrubu ya M5 iliyochomelewa mgongoni tayari kupokea kishikio. Ni imara, ni rahisi, na ni hatari kwa sababu hiyohiyo. Ile skrubu ndogo ina nguvu ya kuvuta kuliko mkono unavyohisi, na nyumba yake haifuati duara la bomba vizuri, hivyo mkandamizo unajikusanya pembeni mwa nyumba hiyo. Kwenye ukuta wa milimita 0.5 huo ni mwaliko wa bonde. Klipu hizi zikazwe kwa vidole vitatu vilivyoshika bisibisi, kamwe si kwa kiganja.

Vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya vinafaa kwa siku moja. Jua huvikausha, hukatika bila taarifa, na vile vyembamba huzama kwenye mpira hadi kufika kwenye rangi. Ukilazimika kuvitumia, chagua vyenye upana wa milimita 7 au zaidi, weka viwili kila mahali pa skrubu, na kata mikia sawa na kichwa la sivyo itakukwaruza mguu.

## Kati ya chuma na rangi

Tabaka zinazofaa ni mbili, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza, inayogusa rangi, ni filamu angavu ya kulindia rangi, ile nyembamba inayobandikwa kwenye vyombo vya moto. Kazi yake ni kuzuia mchanga na madoa. Ya pili ni mpira, na tyubu ya baiskeli ya zamani inatosha: unene wake ni karibu milimita 1. Kumbuka kuihesabu. Bomba la 28.6 likivikwa mpira wa milimita 1 linakuwa 30.6, na kibano kinatakiwa kuzunguka milimita 96 badala ya 90.

Kwa nini usiweke mpira peke yake? Kwa sababu mpira mweusi ukikaa muda mrefu juu ya rangi nyeupe au ya krimu huacha kivuli cha hudhurungi kisichotoka kwa kuoshwa. Mkanda wa umeme ni mbaya zaidi: gundi yake huyeyuka kwa joto, inatambaa, na siku ya kuubandua huondoka na vanishi. Ngozi inapendeza machoni, ila inanyonya maji na kuyashikilia palepale ambapo hutaki maji.

Maji ndiyo adui anayesahaulika katika habari hizi za kubeba maji. Chupa huvuja, jasho hudondoka, mvua huingia chini ya mpira na haina njia ya kutoka. Rangi ya zamani ina nyufa ndogo usizoziona. Ukifungua kibano baada ya mwaka mzima unakuta pete ya kutu yenye umbo lilelile la mpira. Dawa yake ni uvivu mdogo: kila baada ya miezi miwili, na kila baada ya mvua kubwa, fungua, futa, kausha, paka nta, rudisha.

Kabla ya kuamua mahali, tazama stika. Nembo za bomba la mshazari katika baiskeli nyingi za zamani ni karatasi nyembamba chini ya vanishi, na hakuna filamu inayoziokoa zikishabanwa. Afadhali chupa ikae sentimita tatu chini zaidi kuliko kusaga jina la mtengenezaji.

## Kufunga kwenyewe

Legeza waya wa gia kwanza. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Kwenye fremu hizi, waya kutoka kwenye kipini cha gia hushuka uchi, sambamba na bomba la mshazari, milimita chache tu kutoka kwenye rangi. Kibano kinapaswa kupita kati ya waya na bomba. Ukikifunga juu ya waya, gia ya nyuma itakwama au itajibadilisha yenyewe kila chupa inapotikisika, na utahangaika na mashine ya gia wakati kosa liko kwenye kibano. Hata kikipita chini yake, hakikisha ukingo wake haugusi waya. Skrubu ya kukazia ielekee juu, upande wa kishikio, isikae kamwe kule waya unakopita.

Baada ya hapo weka kishikio na chupa iliyojaa, na ujaribu kabla ya kukaza. Zungusha pedali mzunguko mzima. Peleka vipini vyote viwili vya gia hadi mwisho wa mbele na mwisho wa nyuma, ukiwa umevishika kama unavyovishika ukiwa njiani. Vidole ndivyo vinavyogonga kichwa cha chupa, mara nyingi kipini chenyewe kinapita salama. Kama kuna pampu kwenye bomba la siti, ichomoe na kuirudisha huku chupa ikiwa mahali pake. Tazama pia kibano cha mashine ya gia ya mbele kama kitako cha chupa hakikifikii.

Fremu ndogo ina adha yake: chupa inagonga bomba la juu kabla haijatoka. Kishikio cha kutolea ubavuni kinamaliza tatizo hilo, na hakuna haja ya kushusha vibano hadi chini kabisa.

Halafu skrubu za kishikio. Kibano chenye kitako cha nyuzi kina kina cha milimita 6 hivi, na bati la kishikio lina 2. Skrubu ya M5 yenye urefu wa milimita 12 inabakiza 4 za ncha ya chuma zinazoelekea moja kwa moja kwenye bomba. Ukiikaza, unapiga bonde kwa mkono wako mwenyewe, na kishikio kitaonekana kimekaa vizuri sana. Tumia ya milimita 8, au ongeza washa.

Kaza hadi kishikio kisizunguke kwa nguvu ya kidole gumba. Basi.

Weka alama ndogo ya penseli ya nta pembeni mwa mpira. Baada ya kilomita tano za barabara mbovu tazama alama. Mpira mpya hujipanga na kulegea mara ya kwanza, na hilo ni la kawaida. Kaza kidogo tena. Ukisogea na mara ya pili, acha kukaza. Badilisha mpira au punguza chupa.

## Usukani

Kuweka chupa mbele kuna mvuto wa picha za mbio za miaka ya 1930 na 1940, na kwa mtu anayejali sura ya enzi hizo ni jibu zuri. Maji yako karibu, na fremu haiguswi.

Mimi nina wasiwasi nalo, na wasiwasi wenyewe hauhusu uzito. Gramu 850 juu ya usukani zinasikika ukipanda kilima umesimama, lakini mtu anazoea. Wasiwasi ni alumini. Usukani wa alumini wa miaka arobaini umeshapinda na kunyooka mara nyingi mno, na alumini haina tabia ya kuonya kabla ya kukatika. Mkwaruzo wa kuzunguka, karibu na pale shina la usukani linaposhika, ndio mahali ufa hupenda kuanzia. Kibano chenye ukingo mkali kinaweka mkwaruzo huo palepale.

Kwa hiyo watu wanaogopa kibano kwenye bomba la chuma, ambalo likipata bonde litaendelea kubeba, halafu wanakifunga kwa furaha kwenye alumini inayobeba mikono na uso wao. Nadhani tumeigeuza hofu juu chini.

Vipimo navyo vinachanganya. Katikati ya usukani wa zamani kuna 25.0 ya Kifaransa, 25.4 ya Kiingereza, 26.0 ya Kiitaliano, na 26.4 ya Cinelli, mtengenezaji wa Italia. Nje kidogo ya hapo usukani wa mbio hupungua hadi karibu 23.8. Kibano kilichopimwa kwa unene wa katikati kikisogezwa sentimita nne pembeni kinapwaya.

Mfuko wa kuning'iniza kwenye pembe ya usukani na shina lake ni salama kuliko kibano, kwa sababu ni kitambaa na mikanda. Unabeba chupa yoyote, hata ile ya maji ya dukani. Mapungufu yake mawili: ukisimama kwenye pedali, goti linaugonga, na mkanda wake wa chini, ukichanganyika na vumbi, unasaga rangi ya kichwa cha fremu kimyakimya. Weka filamu pale kabla ya safari ya kwanza. Fremu yenye nembo ya chuma iliyotiwa rangi kichwani, mimi nisingeufunga kabisa.

## Nyuma ya siti

Siti za ngozi za zamani nyingi zina vitanzi viwili vya chuma nyuma yake. Viliwekwa kwa ajili ya mfuko, na mfuko wa siti wa turubai wenye mifuko ya pembeni hubeba chupa bila kibano chochote kugusa fremu. Ni njia tulivu kuliko zote. Ubaya wake ni kwamba huwezi kunywa bila kusimama, au bila kunyoosha mkono nyuma kwa namna inayowatia hofu walio nyuma yako.

Vipo pia vishikio vinavyofungwa kwenye reli za siti, ambazo unene wake ni milimita 7. Hivi vina kasoro ya asili: chupa iko kwenye ncha ya fimbo, na gurudumu la nyuma likirushwa na jiwe chupa nayo inarushwa. Kwenye L'Eroica, matembezi ya baiskeli za zamani yaliyoanza mwaka 1997 huko Gaiole in Chianti, Italia, kwa baiskeli za barabara zilizojengwa kabla ya 1987, sehemu kubwa ya njia ni changarawe nyeupe, na barabara za namna hiyo hunyang'anya chupa bila haya. Mkanda wa pedali wenye bizimu, ule wa kufungia mguu, ukizungushwa kwenye kiuno cha chupa na waya wa kishikio, unaizuia. Unapatikana kwa urahisi, na ni kifaa cha enzi zilezile.

## Kwenye uma: hapana

Siku hizi ni kawaida kuona vishikio kwenye miguu ya uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, wa baiskeli za safari ndefu. Kwenye uma wa zamani, usifanye.

Miguu ya uma wa chuma wa zamani ni ya mviringo uliobonyea kwa juu, na hupungua unene kuelekea ekseli, halafu inapinda mbele. Kibano kwenye kitu kinachopungua unene kina mwelekeo mmoja tu wa kwenda, chini, na kila milimita kinayoshuka kinalegea zaidi. Mwisho wa safari hiyo ni spoku za gurudumu la mbele.

Rudi kwenye lile swali la mwanzo. Kibano kikiteleza kwenye bomba la mshazari, chupa inakuegemea mguuni. Mfuko wa siti ukikatika, unasikia kishindo nyuma yako. Kwenye uma, gurudumu la mbele linasimama na wewe unaendelea.

## Mgongoni

Mfuko wa maji wa lita 1.5 mgongoni unaacha baiskeli kama ilivyo. Kilo moja na nusu hiyo huhamia kwenye makalio na mikono, na mgongo haupati hewa. Kwa saa mbili ni sawa. Kwa siku nzima kwenye siti ngumu ya ngozi, utaujua uzito wa kila glasi.

## Drili

Kauli iliyozoeleka ni kwamba fremu ya zamani haitobolewi, mjadala umefungwa. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine, na siamini tena kwamba kauli hiyo ni ya fremu zote.

Baiskeli nyingi za zamani hazikuwa za thamani siku ya kwanza na si za thamani leo. Zimejengwa kwa bomba la chuma cha kawaida lenye unene uleule mwanzo hadi mwisho, zaidi ya milimita 1. Kutoboa tundu mbili pale na kuweka nati za riveti, zile zinazobanwa ndani ya tundu, hakutaiua fremu, na kutampa mwenyewe baiskeli anayoitumia badala ya anayoitunza tu.

Utajuaje ukuta ni mnene? Chomoa nguzo ya siti uone namba iliyochongwa. Bomba la siti la 28.6 lenye nguzo ya 27.2 lina ukuta wa karibu 0.6: ni fremu nyepesi, usiiguse. Bomba hilohilo likiwa na nguzo ya 25.8 au chini yake, ukuta unakaribia 1.4. Kwa fremu ya Kifaransa yenye bomba la 28, nguzo ya 26.4 ni dalili ya bomba jembamba ingawa namba yenyewe inaonekana ndogo, kwa hiyo pima vyote viwili. Ni dalili kuhusu bomba la siti tu, lakini mtengenezaji aliyeweka bomba zito pale kwa kawaida hakuweka jepesi kwingine.

Kwa fremu nyembamba sababu za kukataa ni za kiufundi kabla ya kuwa za heshima. Nati ya riveti ya M5 kwa kawaida inahitaji tundu la milimita 7, robo ya kipenyo cha bomba, katikati kabisa ya sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Kwenye ukuta wa 0.5 nati haina nyama ya kushika. Baada ya muda inaanza kuzunguka pamoja na skrubu, na hapo haikazi wala haifunguki. Tundu la juu, lililo karibu na kichwa cha fremu, liko kwenye upande unaovutwa na kusukumwa zaidi kila gurudumu la mbele linapogonga kitu. Reynolds 753, ambayo imepewa nguvu kwa joto kiwandani, haistahimili hata wazo hili.

Kuchomelea vitako halisi vya skrubu ni kazi safi zaidi. Fundi anayechomelea kwa solda ya madini ya fedha hufanya kazi chini ya nyuzi 700 za Selsiasi, wakati ile ya shaba inataka karibu 900, na kwenye bomba jembamba tofauti hiyo ina maana. Lakini moto wowote ule unachoma rangi, na rangi ya asili haina vipuri. Kama fremu tayari inakwenda kupakwa upya, huo ndio wakati wa kuchomelea. Kama haiendi, vibano.

Imebaki fremu uliyoinunua ikiwa imeshatobolewa na mwenye awali. Hapo mjadala wa kutoboa au kutotoboa umekwisha, kinachobaki ni ukaguzi. Ondoa kishikio, safisha kwa kitambaa chenye spiriti, na ukague ukingo wa kila tundu kwa kurunzi iliyolazwa ubavuni, ukianza na la juu. Mstari mwembamba unaotoka tunduni kwenda pembeni, hasa wenye kutu, ni ufa, na fremu hiyo isiendeshwe hadi bomba libadilishwe. Kama hakuna, pulizia mafuta ya kuzuia kutu ndani ya bomba kupitia matundu, igeuze fremu kichwa chini ili mafuta yatambae, kisha rudisha skrubu zikiwa na grisi kwenye nyuzi zake, hata kama chupa utaibeba kwingine.